Lupu ya Mara Ishirini

Sanduku la lupu lilifika karakana ya vyombo ya kampuni ya shaba, huko Kongo, siku ya Jumatatu asubuhi, mwezi wa saba wa mwaka 1953, likiwa limefungwa kwa kamba ya katani na kujazwa nyasi kavu. Constantin Nkandu alilifungua kwa bisibisi, kwa kuwa nyundo ilikuwa mezani kwa Rigobert, na Rigobert hakupenda kuazima vitu. Ndani mlikuwa na vioo vitatu vya kukuzia, kila kimoja kimeviringishwa karatasi ya buluu. Barua ya muuzaji ilisema vijaribiwe vyote kwa siku tatu, kimoja kinunuliwe, viwili virudishwe kwa treni.

Karakana ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali ya kwanza, ambayo ilikuwa ya Wazungu. Hospitali ya pili, ya Weusi, ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nkandu na Rigobert walinoa visu vya upasuaji vya hospitali zote mbili. Kisu kipya kilianza kazi hospitali ya kwanza. Kila kiliponolewa, kiligongwa nukta moja kwenye mpini. Kikifika nukta sita kilihesabiwa kimechoka, kikawekwa kwenye sinia la bati, kikavushwa barabara na kuanza kazi hospitali ya pili. Huko nukta hazikugongwa tena. Kisu cha nukta sita kiliweza kunolewa mara tisa zaidi, mara ishirini zaidi, kikawa chembamba kama jani la mtete, na bado kilikuwa kisu cha nukta sita.

Kabla ya hapo makali yalikaguliwa kwa ukucha. Nkandu alitumia ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Aliyapitisha makali juu yake bila kukandamiza, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye yai, na palipokuwa na pengo ukucha ulikwama. Baba yake alikagua majembe vivyo hivyo, kwenye shamba ambalo sasa lilikaliwa na tanuri la shaba. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyelalamika. Kisha mwezi wa tano daktari mpya aliuona ukucha huo, akaandika barua ya kurasa tatu kuhusu usafi. Ndiyo maana lupu zililetwa.

Msimamizi wa karakana, Bwana Deprez, hakuwa mtu mkali. Alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wake na aliyaandika daftarini ili asiyasahau. Alivipanga vioo vile vitatu juu ya meza ya Nkandu, karibu na dirisha.

"Chagua wewe," alisema kwa Kiswahili chake cha kazini. "Ni macho yako njo itafanya kazi. Jumatano nataka jina ya lupu moja, na signature yako."

"Ndiyo, Bwana."

"Angalia muzuri. Tukikosea, ni kukosea ya miaka kumi."

Nkandu hakuhitaji kuambiwa aangalie vizuri. Binti yake Julienne, mwenye miaka tisa, alikuwa na usaha ndani ya mfupa wa mguu wa kulia tangu mvua zilipokatika. Daktari wa hospitali ya pili alikuwa amemwandika kupasuliwa Ijumaa, namba mbili kwenye orodha. Visu vya Ijumaa vingetoka kwenye meza ile ile.

Lupu ya kwanza ilikuza mara nne. Ilikuwa pana kama kisahani cha chai, na mpini wake ulikuwa wa mti. Kupitia kwake Nkandu aliona kisu kikubwa zaidi na mikwaruzo ya jiwe lake la kunolea. Hakuona jambo ambalo hakulijua. Ya pili ilikuza mara kumi. Ilikunjwa ndani ya kifuniko cha shaba kama saa ya mfukoni. Ilimwonyesha unywele wa chuma unaobaki ukingoni baada ya kunoa, na mapengo madogo ambayo ukucha ungeweza kuyaruka. Aliipenda. Ya tatu ilikuza mara ishirini. Ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, ndani ya bomba jeusi lenye miguu mitatu, na ilibidi kusogezwa hadi karibu iguse chuma.

Akaisogeza. Kwenye makali palikuwa na watu.

Walisimama mstari mmoja, kutoka kitako cha kisu hadi nchani, wote wametazama upande mmoja, kama watu wanaongoja dirisha la posta lifunguliwe. Wa kwanza, kule kitakoni, walikuwa Wazungu saba waliovaa nguo za kulalia. Bibi mmoja mwenye mvi, alipoliona jicho la Nkandu juu yake, alifunga kola. Nkandu akasogeza lupu pembeni kwa heshima. Baada ya Wazungu walifuata Weusi. Hao walikuwa wengi zaidi na walikuwa wamebanana.

Nkandu aliinua lupu, akaifuta kwa kitambaa, akatazama tena, kwa sababu kioo kipya lazima kwanza kithibitishwe hakina uchafu. Watu walikuwa pale pale. Akachukua penseli na kuandika kwenye karatasi ya majaribio: *Mara ishirini. Mwanga hafifu. Watu wanaonekana.*

"Rigobert," akasema, "kuya uangalie."

Rigobert alikuja akifuta mafuta mikononi, akainama, akafumba jicho moja.

"Beko bantu," akasema.

"Njo bale balipasuliwa nayo?"

"Unazani beko fasi ingine? Angalia ule wa tatu, ule wa mustache. Njo Bwana wa gare, wa ku treni. Balimutosha apandisi mu tumbo mwaka ya jana." Alisogeza lupu kidogo. "Kumbe kazi yote ile ya kupigia bantu makelele, na tumbo yake iko hapa."

Akaichukua lupu, akarudi mezani kwake, akaisimamisha juu ya kisu chake mwenyewe, akahesabu.

"Mu yangu beko makumi mbili na tatu," akasema. "Moja anapiga miayo. Huyu ni wa kwenu, Nkandu, balimi bote njo vile."

"Wa kwetu angekuwa amesimama mbele. Tulikuwa hapa kwanza."

"Mbele beko Bazungu, ndugu yangu. Hesabu tena."

Wakaendelea na kazi mpaka king'ora.

Jumanne Nkandu alichukua sinia la bati, visu kumi na tisa, akavipitisha kimoja kimoja chini ya lupu ya mara ishirini. Kwenye kisu cha saba, kile cha yule bibi mwenye mvi, karibu na ncha, alisimama Kalaba, jirani yake wa kambi ya wafanyakazi, aliyekufa wiki ya Pasaka baada ya kupasuliwa ngiri. Alikuwa na bendeji kiunoni. Kalaba ndiye aliyemwona kwanza.

"Jambo sana, Nkandu."

"Jambo, Kalaba. Habari?"

"Iko, lakini si muzuri. Kinga yangu iko na nani?"

Alimaanisha baiskeli yake. Nkandu alimwambia iko kwa shemeji yake na gurudumu la nyuma limepinda.

"Nilijua," Kalaba akasema. "Ule anapenda kubeba mizigo. Na mama ya batoto, balimuambia nini juu yangu?"

"Balimuambia asema ulichelewa kufika hospitali. Iko mu rapport."

Kalaba alikaza bendeji yake. Alikuwa fundi wa matofali na hakuwa mtu wa kusema ovyo.

"Nilifika siku ya lundi, saa moja ya asubui," akasema. "Nilikuwa muntu wa kwanza pa mulango. Hii kisu haikunikata, Nkandu. Ilinivuta. Daktari alipitisha mara tatu, na mara ya tatu alitukana. Angalia pa miguu yangu."

Nkandu alisogeza lupu. Chini ya miguu ya Kalaba chuma kilikuwa kimemomonyoka kama ukingo wa shimo la machimbo baada ya mvua. Kalaba alikuwa ameweka mguu mmoja mbele ya mwingine ili asianguke. Nyuma yake wenzake walikuwa wamesimama hivyo hivyo. Kule kitakoni, chini ya Wazungu, ardhi ilikuwa bado imenyooka.

Nkandu akachukua lupu ya mara kumi na kutazama mahali pale pale. Makali yalionekana sawa. Akapitisha ukucha. Ukucha haukukwama.

"Njo miye niliinoa," alisema alipoirudisha lupu ndogo.

"Najua. Niliona kikumbo yako na ukucha yake, kubwa kama nyumba." Kalaba alisema hivyo bila hasira. "Haukukosea kunoa. Chuma ilikwisha."

Katika visu vile kumi na tisa, vinne vilikuwa na chuma cha kutosha. Nkandu aliandika hesabu hiyo kwenye karatasi ya majaribio, akaipigia mstari.

Alimweleza mkewe jioni ile, wakiwa nyuma ya nyumba, jua halijazama. Wivine alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka Kongolo, aliyesomeshwa na masista, na alizungumza kama mtu anayepanga kuni. Alikuwa anatwanga majani ya sombe. Julienne alikuwa ameketi juu ya mkeka, mguu wake juu ya kiti kidogo, anachambua mchele.

"Kumi na tano ni bibaya," Wivine akasema.

"Kumi na tano."

"Na unajua kumi na tano gani."

"Najua."

"Basi chagua ile lupu inaona. Baba Julienne, wewe njo unanoa, mutoto njo anapasuliwa. Unataka nimuulize nani mwingine?"

"Deprez atakataa. Akichukua ile, visu bitaisha bote."

"Akatae yeye. Usimusaidie kukataa."

Julienne aliuliza kama watu wa kwenye kisu wanaumia wakisimama muda wote. Baba yake alisema wanaonekana wamechoka tu. Julienne akaendelea na mchele.

Kesho yake mchana Wivine alimletea mumewe ugali wa bukari na samaki, akaingia karakana bila kubisha, akaomba lupu. Alimtazama Kalaba vizuri, akamsalimu kwa jina, akamweleza kwamba mkewe Kapinga amehamia mtaa wa Katuba kwa dada yake, kwamba watoto wanasoma, na kwamba mkubwa amevunja jino. Kalaba alimwomba amwambie Kapinga saa aliyofika hospitali. Wivine akasema atamwambia. Alimwambia kweli, Jumapili baada ya misa, na Kapinga alikwenda ofisi ya hospitali kuomba ripoti irekebishwe. Karani alimjibu kwa upole kwamba ripoti hurekebishwa na aliyeitia sahihi au na mhusika mwenyewe, akifika na kitambulisho.

Saa nane Bwana Deprez alikuja na fomu. Nkandu akamwonyesha lupu ya mara ishirini.

"Hii, Bwana."

Bwana Deprez alikaa, akavua miwani, akainama juu ya kisu cha saba. Alikaa hivyo muda mrefu. Mara moja aliinamisha kichwa na kusema kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, "Pardon, Madame," kwa kuwa bibi mwenye mvi alikuwa amecheza naye karata kabla hajarudi Ulaya. Kisha alisogea taratibu mpaka nchani. Alitazama visu vingine vinne. Aliposimama alivaa miwani na kuipangusa ikiwa bado usoni.

"Ni lupu ya nguvu sana," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Inaona fasi kidogo tu. Kwa kisu moja utafanya dakika kumi. Na macho itachoka."

"Macho yangu ni muzima, Bwana. Kumi na tano bimekwisha. Daktari anavuta, hakate."

"Nimeona." Bwana Deprez hakukana. "Mais sikiliza. Nikikubali hii, hospitali ya pili inabakia na visu ine tu. Visu mupya vinatoka Ulaya, miezi ine. Nani ataambia bagonjwa bangoje miezi ine? Wewe?"

"Sanduku ya mupya iko pale, Bwana. Visu ishirini na ine."

"Hizo ni za kwanza. Zikifika nukta sita, zitavuka. Njo règlement."

"Mutoto yangu ni Ijumaa."

"Julienne," Bwana Deprez akasema bila kufungua daftari. "Najua. Nitamuombea."

Alimaanisha hivyo, na kila Jumapili alionekana kanisani. Akasukuma fomu mbele. Pale pa jina la lupu alikuwa tayari ameandika kumi, kwa penseli. Nkandu alifikiri juu ya nyumba ya kambini, ambayo ilikwenda pamoja na kazi, na juu ya karatasi ya hospitali ya Julienne, ambayo pia ilikwenda pamoja na kazi. Akatia sahihi. Bwana Deprez akapitisha wino juu ya penseli.

Alhamisi ilikuwa siku ya kuandaa sinia la Ijumaa. Lilikuwa na matundu manne yenye namba, kila mgonjwa na kisu chake, kwa kufuata orodha ya sista wa hospitali ya pili. Asubuhi hiyo hiyo Nkandu alipewa visu vipya vitatu avitie makali ya kwanza. Alivinoa kwa kinoo laini, akavipitisha kwenye mkanda wa ngozi, akavigonga nukta moja moja. Cha tatu alikitazama kwa lupu ya mara ishirini, iliyokuwa bado mezani ikingoja treni. Makali yalikuwa yamenyooka kutoka kitako hadi ncha na hapakuwa na mtu.

Wivine alikuwa amesimama dirishani, upande wa nje. Alikuwa amekuja kuchukua sahani za jana.

"Namba moja ni nani?" akauliza.

"Mulimi wa Kasungami. Désiré."

"Na ine?"

"Sijue. Bibi moja."

Wivine aliangalia sinia. Aliangalia kisu. 

"Iko moja tu unaweza kutosha mu zile mupya?"

"Moja. Mbili Deprez ataona."

"Weka ku namba mbili," akasema, akachukua sahani zake na kwenda.

Nkandu alikigonga kisu kile nukta tano zaidi. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha maji. Nukta zilikuwa safi, zimepangana, kwa sababu hakujua kugonga vibaya. Katika tundu namba moja aliweka kimoja kati ya vile vinne vyenye nafuu, na namba tatu na namba nne vilevile. Kwa Alhamisi moja sinia la bati lilikuwa zuri. Kilichobaki ni kimoja chenye nafuu na vile kumi na tano, kwa ajili ya Jumatatu.

Julienne alipasuliwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Usaha ulitoka, mfupa ukasafishwa, na saa sita alikuwa amezinduka na kuomba samaki. Sista Godelieve, aliyesimamia chumba cha upasuaji, alimwambia Wivine kwamba hajaona mkato ulionyooka hivyo tangu afike Kongo. Daktari naye alifurahi. Alikuwa mtu wa kuandika anapofurahi, kama yule mwenzake wa barua ya ukucha alivyokuwa mtu wa kuandika anapokasirika. Aliandika kwa karakana barua fupi ya shukrani: kisu cha namba mbili kimekata kama visu vya ng'ambo, aletewe vingine kama hicho.

Bwana Deprez aliisoma barua hiyo Jumamosi asubuhi, mara mbili. Akaenda kwenye sinia lililorudi, akachukua kisu cha namba mbili, akahesabu nukta. Sita. Akafungua sanduku ambalo lingepelekwa stesheni saa nne, akatoa lupu ya mara ishirini kutoka kwenye nyasi, akaisimamisha juu ya kisu.

Makali yalikuwa yamenyooka. Katikati yake alisimama msichana mmoja, peke yake, mguu wa kulia umefungwa bendeji.

Bwana Deprez alitazama kushoto kwake, mpaka kitakoni. Alitazama kulia kwake, mpaka nchani.

"Nkandu," akaita. "Bazungu beko wapi?"

Nkandu alisimama. Katika kugonga nukta hakuwa amefikiria hilo. Alikuwa amekifanya kisu kuwa kizee kwenye mpini na kukisahau kwenye makali. Kisu cha nukta sita lazima kiwe na Wazungu, na hiki hakikuwa nao.

"Hakuna, Bwana."

"Nukta sita."

"Ndiyo, Bwana."

"Na mutoto moja."

"Ndiyo, Bwana."

Rigobert aliacha kunoa. Kisha akaendelea, kwa sababu jiwe lilikuwa limelowana tayari.

Bwana Deprez alirudi kwenye lupu. Midomo ya msichana ilikuwa inatikisika.

"Anasema nini?" Nkandu akauliza.

"Anauliza kama anaweza kukaa." Bwana Deprez alifikiri. Kanuni hazikusema kitu kuhusu hilo. "Kaa," akaambia kisu. Julienne akakaa, akanyoosha mguu. Nafasi ilikuwa kubwa.

Nkandu hakufukuzwa. Karakana ilikuwa na wanoaji wawili tu, na yeye ndiye aliyekuwa bora. Alinyang'anywa chapa ya nukta, ambayo tangu siku hiyo ilikaa ndani ya droo ya Bwana Deprez, na barua ikawekwa katika faili lake. Lupu ya mara nne ilirudishwa kwa treni. Ya mara ishirini haikurudishwa. Bwana Deprez aliuandikia uongozi kueleza jinsi ilivyomsaidia, na baada ya wiki mbili jibu likaja, limepigwa mhuri. Lupu ya mara kumi itumike kukagua makali, kama alivyochagua mnoaji mwenyewe. Lupu ya mara ishirini inunuliwe vilevile, ikae kwa msimamizi, itumike kuhakikisha kwamba kila kisu kinachoingia hospitali ya kwanza hakijamgusa mtu wa hospitali ya pili. Hali ya chuma isiandikwe.

Kikabaki kile kisu. Hakikuweza kwenda hospitali ya kwanza, kwa kuwa Julienne alikuwa ameketi juu yake. Hakikuweza kwenda hospitali ya pili, kwa kuwa nukta yake ya kweli ilikuwa moja, na kisu cha nukta moja hakivuki. Bwana Deprez alitafuta katika kanuni kwa siku mbili. Mwishoni alikifunga kwa karatasi ya mafuta na kukiweka ndani ya kabati, rafu ya juu, na ufunguo akauning'iniza kwenye mnyororo wa suruali yake.

Julienne wa nyumbani alitembea kwa mkongojo mwezi wa nane. Mwezi wa tisa aliuacha mkongojo nyuma ya mlango. Mtoto alipoanza kunenepa, Wivine alimtazama akiruka kamba na watoto wa jirani, akamwuliza mumewe kuhusu yule mwingine.

"Eko namna gani?"

"Anakaa tu. Deprez anasema hana shida."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Mwambie ule Muzungu amugeuzie upande wa dirisha," Wivine akasema. "Mutoto hawezi kukaa mu kabati na kuangalia ukuta."

Nkandu alifikisha ombi hilo, na Bwana Deprez, ambaye hakuwa mtu mkali, alikigeuza kisu. Kabati lilibaki limefungwa.

Joto la mwezi wa kumi lilipoanza, wagonjwa wa hospitali ya pili waliongezeka. Alhamisi moja Sista Godelieve mwenyewe alivuka barabara, kofia yake nyeupe imelowa jasho, akaomba visu vitano vizuri. Daktari alikuwa anakumbuka kile cha namba mbili, akasema. Je, hakipo kingine? Bwana Deprez alitoa ufunguo, akafungua kabati, akashusha kisu, akakiweka chini ya lupu ya mara ishirini kuhakikisha kwamba msichana bado yuko peke yake. Alikuwa peke yake. Alikuwa amelala, kichwa juu ya mkono. Bwana Deprez akakifunga tena katika karatasi, akafunga kabati.

"Tafuta mu zile za bati," akamwambia Nkandu.

Nkandu alivuta sinia la bati. Alichagua vitano kwa kukumbuka, akavinoa upya, akavipitisha kimoja kimoja chini ya lupu ya mara kumi. Makali ya vyote vitano yalionekana yamenyooka, na juu yake hapakuonekana mtu. Akaandika hivyo kwenye kadi ya ukaguzi, akatia sahihi. Akaiangalia orodha ya sista. Namba mbili alikuwa mwanamke wa Katuba, Albertine, miaka thelathini na nne, tumbo.

Kabla ya kukitia kisu cha Albertine kwenye tundu lake, alikiinua karibu na mdomo.

"Musogee kidogo," akakiambia. "Kuko mama anakuya."